Chuma cha mazoezi nyumbani: Ukaguzi uanze pale kinaposhikiliwa

KATIKA mashamba ya Igembe yanayouzunguka mji wa Maua, Kaunti ya Meru, kijana anayepanda mti wa miraa hahitaji kufundishwa somo la uzito. Kabla ya kulikabidhi tawi mwili wake, hulitikisa kwanza, akatazama pale lilipoungana na shina, kisha akakanyaga karibu na shina badala ya kukimbilia nchani. Anajua kwamba tawi nene lililooza maungoni linaweza kubanduka, ilhali jembamba lenye maungo mazima likambeba hadi mwisho wa kazi.

Busara hiyo husahaulika upesi anaporejea nyumbani na kutaka kujitengenezea mahali pa mazoezi. Dukani macho hukimbilia unene wa chuma, rangi yake na bei. Ni wachache wanaouliza chuma hicho kitashikiliwa na nini. Aghalabu chuma chenyewe hakivunjiki. Kinachoachia ni skrubu, ukuta, fremu ya mlango au udongo.

Madhara yake si madogo. Mtu anayefanya zoezi la kujivuta, yaani kuning'inia kwa mikono na kuuinua mwili hadi kidevu kipite chuma, huwa miguu yake haigusi chini. Chuma kikiachia ghafla akiwa amekunja magoti au amejirusha mbele, huweza kuangukia mgongo au kisogo. Kwa mchuma miraa, fundi wa mjengo au mkulima wa majani chai, mkono uliovunjika ni majuma kadhaa bila kibarua, na familia nzima huilipia ajali hiyo.

Hata hivyo, zoezi lenyewe lina faida ambayo haifai kuachwa kwa sababu ya hofu. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea na kupanda vilima vya Nyambene kunatosheleza sehemu ya kwanza kwa wakazi wengi. Sehemu ya pili ndiyo inayohitaji uzito wa kuinua, na uzito ulio karibu zaidi na kila mtu ni mwili wake mwenyewe.

Mazoezi ya aina hii si mageni duniani. Mnamo 1811, Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi wa wazi katika eneo la Hasenheide, Berlin, ambako vijana walijivuta na kujiinua. Vifaa vya msingi ni vichache: chuma kimoja cha juu, vyuma viwili sambamba, na pete mbili za kuning'inia. Mtu akiwa na hivyo vitatu, na kila kimoja kikiwa kimesimama imara, hana haja kubwa ya mashine za kumbi za mijini.

Uzito unaohesabiwa

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba mtu wa kilo 75 anahitaji kifaa cha kubeba kilo 75. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu aliyetulia tu. Anapojivuta kwa kasi, akajiachia na kusimama ghafla mikono inaponyooka, au anapobembea, nguvu inayokivuta chuma inaweza kukaribia maradufu ya uzito wake. Kwa hiyo mtu huyo anahitaji kifaa kinachohimili kilo 150 bila kutikisika, na zaidi ya hapo ikiwa atajifunga mzigo kiunoni au ikiwa kuna mtu mzito zaidi nyumbani.

Maandishi kwenye boksi kwamba kifaa kinabeba kilo fulani yanafaa kusomwa kwa tahadhari. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya mazoezi, ISO 20957, hutenganisha vifaa vya matumizi ya nyumbani, vinavyotambuliwa kwa herufi H, na vile vya kumbi, vyenye herufi S. Kifaa kisichotaja kiwango chochote, wala uzito wa juu unaokubalika, hakimpi mnunuzi msingi wa kukiamini. Hata kile kilichotaja, ahadi yake inahusu kifaa chenyewe. Haihusu ukuta ambao mnunuzi ataufungia.

Mlangoni na ukutani

Kifaa cha bei nafuu zaidi ni kile cha mlangoni. Kipo cha fito moja inayorefushwa kwa kuzungushwa hadi ikaze kati ya miimo miwili. Fito hiyo haishikiliwi na kitu kingine ila msuguano wa mpira wa ncha zake. Mbao ikisinyaa wakati wa kiangazi, rangi ikiwa ya utelezi, au fito ikizunguka kidogo mtu anapobadilisha mikono, msuguano hupungua bila ishara yoyote. Anayelazimika kuitumia achague ile yenye vikombe vya chuma vinavyofungwa kwa skrubu kwenye miimo, na aikaze upya kila mara kabla ya kuning'inia.

Kuna pia kile kinachopachikwa juu ya mlango na kuegemea fremu. Hiki kilibuniwa kwa nyumba ambazo fremu zake zina ukingo mpana uliojitokeza ukutani. Nyumba nyingi za Maua, ziwe za mawe au za mbao, hazina ukingo huo. Zaidi ya hayo, fremu nyingi hushikiliwa na misumari au vipande vyembamba vya chuma vilivyozikwa ukutani, ambavyo kazi yake ni kuuzuia mlango usicheze. Havikuwekwa ili kumbeba mtu.

Chuma cha kufungwa ukutani ni bora zaidi, lakini kina hesabu yake. Tuseme chuma kimejitokeza sentimita 60 kutoka ukutani, na bolti za juu na za chini za kishikio zimeachana kwa sentimita 40. Mtu wa kilo 80 akining'inia akiwa ametulia, bolti za juu huvutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 120. Bolti hizo zikiwa zimeachana kwa sentimita 20 tu, nguvu hiyo hupanda hadi kilo 240, ilhali mtu ni yuleyule. Mnunuzi anapolinganisha vishikio viwili, basi, achague kile kirefu kwenda chini na kisichojitokeza kupita kiasi, mradi tu magoti yasigonge ukuta.

Ukuta nao hutofautiana. Ukuta wa mawe ya kuchongwa unaweza kubeba ikiwa bolti za kupanukia ndani zimeingia katikati ya jiwe. Zikiingia kwenye mstari wa saruji kati ya jiwe na jiwe, hazina mshiko wa kutegemewa. Matofali yenye matundu hayafai, kwa kuwa bolti hupanukia kwenye uwazi. Ukuta wa udongo haufai kabisa. Kwa nyumba ya mbao, ubao wa nje si wa kufungia chochote cha kubeba mtu. Bolti hazina budi kupita kwenye nguzo zenyewe, zitokeze upande wa pili, na zikazwe kwa nati na bamba la chuma. Ikiwa mwenye nyumba hajui nguzo ziko wapi, au ikiwa yeye ni mpangaji, ni heri aachane na ukuta.

Vivyo hivyo kwa boriti na kenchi za paa. Hizo huwekwa kubeba mabati na upepo. Mtu anayebembea huzivuta chini na kuzisukuma kando kwa wakati mmoja, na misumari iliyozishikilia huanza kulegea pole pole.

Minara ya kusimama yenyewe

Madukani na kwenye mauzo ya mtandaoni kuna minara ya mazoezi inayosimama bila kufungwa popote, ikiwa na chuma cha kujivutia juu na mikono miwili ya kujiinulia katikati. Huwavutia wapangaji kwa kuwa huweza kuhamishwa. Udhaifu wake ni kwamba mingi ni myepesi kuliko mtu anayeitumia. Mwili ukibembea kupita ukingo wa kitako, mnara mzima hufuata.

Mnunuzi apime urefu wa kitako kwenda mbele na nyuma kabla ya kutazama jambo lingine. Kitako kifupi kuliko nafasi ambayo miguu inabembea ni onyo. Kisha atazame unene wa kuta za bomba kwenye ncha iliyo wazi, kwani bomba pana lenye kuta nyembamba huonekana imara huku likiyumba. Ahesabu pia maungo: kila palipo na bolti ni mahali panapoweza kulegea. Mwisho, akishike chuma cha juu na kukitikisa kwa nguvu kwenda pande zote nne. Mnara unaoyumba dukani kwenye sakafu ya saruji utayumba zaidi nyumbani kwenye udongo.

Nguzo mbili uani

Kwa familia yenye ua, njia iliyo imara zaidi na mara nyingi yenye gharama ya wastani ni nguzo mbili zilizozikwa ardhini, zenye chuma kimoja juu. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa fundi yeyote mzuri wa jua kali anayechomelea malango na madirisha.

Mabomba ya chuma kwa kawaida huuzwa yakiwa na urefu wa mita sita. Bomba moja la inchi mbili likikatwa katikati hutoa nguzo mbili za mita tatu. Robo ya kila nguzo, yaani sentimita 75, ikizikwa, hubaki mita 2.25 juu ya ardhi, kimo kinachomtosha mtu wa urefu wa wastani kuning'inia kwa mikono iliyonyooka akiwa amekunja magoti kidogo tu. Mtu mrefu zaidi atahitaji nguzo ndefu zaidi, na shimo nalo liongezwe kina. Kuzika kidogo ili kuokoa kimo ni kosa la kujutia.

Shimo liwe na upana wa sentimita 40 hivi, lijazwe zege la kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Uso wa zege uinuke kidogo juu ya ardhi na kuteremka pande zote, ili maji ya mvua yasituame shinani mwa nguzo, mahali ambapo kutu hupenda kuanzia. Zege lilowanishwe maji siku za mwanzo na lisiguswe kwa angalau siku saba. Nguvu yake kamili huhesabiwa kufikia siku ya 28, na mwenye subira ya kungoja hadi hapo hatapata hasara.

Mahali pa kuchimba pia pana uzito. Udongo mwekundu wa Nyambene, uliotokana na miamba ya volkeno, ni wa kina na rahisi kuchimba, lakini hulainika msimu wa mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Nguzo zisichimbiwe ukingoni mwa matuta ya shamba, kando ya mtaro wa maji, wala kwenye udongo uliojazwa hivi karibuni.

Wanaopendelea nguzo za mbao wanaweza kutumia mikaratusi iliyotiwa dawa, mfano wa ile inayotumika kwa nyaya za umeme. Isiyotiwa dawa huliwa na mchwa kuanzia chini, mahali pasipoonekana, huku sehemu ya juu ikidumu na sura ya uzima. Kutegemea tawi la mkaratusi ulio hai ni hatari zaidi, maana mti huo hujulikana kwa kuangusha matawi yake bila onyo.

Bomba la kushika

Chuma cha kushikwa na mikono kina mahitaji mawili yanayovutana: kiwe chembamba kiasi cha vidole kukizunguka, na kinene kiasi cha kutopinda. Chuma cha mashindano ya jimnastiki kina unene wa milimita 28, lakini hicho ni chuma maalumu kisicho na uwazi ndani. Kwa matumizi ya nyumbani, bomba la maji la inchi moja, ambalo kwa nje hukaribia milimita 34, linafaa likiwa na kuta za milimita tatu au zaidi. Bomba jembamba la kutengenezea viti, lenye kuta za milimita moja na nusu, litapinda siku mtu mzima atakapojirusha.

Nafasi kati ya nguzo isizidi mita 1.2 kwa bomba la kadiri hiyo. Urefu una adhabu kali kuliko wengi wanavyodhani: nafasi hiyo ikiongezwa maradufu, bomba lilelile litapinda mara nane zaidi chini ya mtu yuleyule.

Fundi aombwe kutoboa nguzo na kulipitisha bomba ndani yake kabla ya kulichomelea, badala ya kulibandika kwa ncha. Hivyo hata maungo yakipasuka, bomba bado lina pa kulalia. Maungo yazungushiwe moto mduara mzima, si kushikizwa kwa nukta mbili tatu, na yakaguliwe kabla ya kupakwa rangi. Ikiwa bomba lina zinki, zinki iondolewe kwanza sehemu ya kuchomelewa, kwa kuwa moshi wake humletea fundi homa. Ncha zilizo wazi zizibwe ili maji yasiingie.

Pete na vyuma sambamba

Chuma cha juu kikishakuwa imara, vifaa vingine huwa rahisi. Pete mbili zilizofungwa kwa mikanda umbali wa sentimita 50 huwezesha mazoezi mengi ya mikono, kifua na tumbo. Pete za mbao hushikika vizuri kiganja kikitoka jasho. Kinachohitaji kukaguliwa ni mkanda na bakuli lake, hasa pale mkanda unaposuguana na chuma. Kamba ya nailoni ya kufungia mizigo haifai mahali hapo, kwa kuwa mafundo yake huteleza na jua huidhoofisha.

Vyuma viwili sambamba vya kujiinulia viachane kidogo zaidi ya upana wa mabega, kati ya sentimita 45 na 60. Vikiachana sana, mabega huumia. Ndugu wawili wanaotofautiana sana kwa umbo wasilazimishwe kutumia nafasi moja. Vyuma vilivyowekwa vikiachana zaidi upande mmoja kuliko mwingine huwafaa wote.

Jaribio la magunia

Kifaa chochote, kiwe kimenunuliwa au kimetengenezwa, kijaribiwe kwa mzigo usio na uhai kabla ya kukabidhiwa mtu. Maua haina uhaba wa vipimo vya kufanyia kazi hiyo. Gunia la kawaida la mahindi lina kilo 90. Mawili yakifungwa kwa kamba imara katikati ya chuma, yakiinuliwa kiasi cha shubiri moja tu kutoka ardhini, ni kilo 180, zaidi ya maradufu ya uzito wa watu wengi. Yaachwe hapo kwa muda, kisha yasukumwe taratibu yabembee.

Baada ya hapo kila ungo utazamwe. Bomba lililobaki na mpindo baada ya mzigo kuondolewa limeshindwa. Ufa kwenye zege, nati iliyozunguka, vumbi la saruji lililomwagika chini ya bolti, au nguzo iliyoinama, kila kimoja ni jibu tosha. Gunia likianguka, hasara ni mahindi yaliyomwagika, nayo yataokotwa.

Ardhi iliyo chini ya chuma nayo ni sehemu ya kifaa. Isiwe saruji tupu wala mawe. Mchanga au udongo uliotifuliwa kwa kina cha kiganja hupunguza kishindo cha anguko. Watoto ndio wa kwanza kukigundua kifaa kipya, hivyo pete na mikanda iondolewe baada ya mazoezi isije ikawanasa shingoni.

Ukaguzi usiokoma

Kifaa kilichofaulu siku ya kwanza hakijafaulu milele. Unyevu wa Nyambene huleta kutu haraka, na kutu hujificha chini ya rangi iliyovimba. Mara moja kwa mwezi, na tena kila msimu wa mvua unapomalizika, bolti zikazwe, maungo yapanguswe na kutazamwa, nguzo zitikiswe. Chuma kilicholowa kipanguswe kabla ya kushikwa, kwani mkono unaoteleza huangusha mtu sawa na bolti iliyong'oka.

Mwili nao unahitaji kujaribiwa hatua kwa hatua kama chuma. Asiyeweza kujivuta hata mara moja aanze kwa kuning'inia tu kwa sekunde chache, kisha ajivute kutoka kwenye chuma cha chini visigino vikiwa ardhini, huku akiendelea na pushapu na kuchuchumaa. Mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kuumia bega, amwone daktari kwanza.

Gharama ya kazi hii ni mabomba, saruji na siku chache za fundi. Anayeona ni nyingi, akanunua fito ya mlangoni kwa kuwa ni ya bei ndogo, akumbuke kwamba wahenga walisema rahisi ghali. Kijana wa miraa hulitikisa tawi kila asubuhi, hata lile alilolipanda jana. Chuma cha uani kinastahili kutikiswa vivyo hivyo.